Mkono Usio na Alama ya Ndui

Watu wa rika langu milimani kwetu wana alama juu ya mkono, karibu na bega. Ni kiduara kidogo cha ngozi iliyojikunja, mahali walipochanjwa ndui. Mimi sina. Nikivaa blauzi ya mikono mifupi siku ya Jumapili, mikono yangu yote miwili ni mitupu, na wapo wazee wenzangu ambao mpaka leo huitazama na kukohoa. Wengine walisema niliogopa sindano. Wengine walisema nilikuwa adui wa maendeleo, na aliyeanzisha maneno hayo aliyaandika kabisa kwenye daftari la kijiji. Nimewanyamazia vya kutosha. Leo nasema mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mtoto mmoja wa kike, na shamba la kabichi na njegere kwenye mteremko juu ya Mlali. Baba wa mtoto alikuwa kibarua wa mkonge upande wa Mikese, akija mara moja moja. Ilikuwa ile miaka ya vijiji vya ujamaa, shamba la pamoja siku tatu za wiki, shamba lako siku zilizobaki, na kila mtu alijulikana amelima matuta mangapi. Ndipo vidole vyangu vilipoanza. Naamka asubuhi, mikono haikunjiki. Vidole vimevimba kama ndizi za kisukari, viganja vya moto, magoti nayo yamegoma. Mama yangu alikuwa akichemsha maji alfajiri, naitumbukiza mikono humo mpaka vidole vikubali kushika mpini wa jembe. Tulifanya hivyo mwaka mzima, mimi na yeye tu, mlango umefungwa.

Mtu atauliza tulificha nini. Tulificha kwa sababu ya jina.

Sisi Waluguru ukoo ni wa kwa mama. Tunauita lukolo. Na katika lukolo letu kuna jina la bibi aliyefungua lile bonde, ambalo hupokewa na mwanamke mmoja kila kizazi. Mimi nililipokea nikiwa msichana. Mwenye jina hilo hatawali mtu, ila mambo huanza naye. Mahindi mapya hayaliwi mpaka yeye aonje. Mbegu haiingii shambani mpaka yeye afukie ya kwanza. Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, mzee wa koti na fimbo, lakini kwa ajili ya lile jina aliniita Bibi. Mimi nampa shikamoo, yeye anaitikia marahaba Bibi, halafu anacheka peke yake. Nilimpenda sana yule mzee, na nilijua kwamba akisikia mwenye jina ana mikono iliyokataa kukunjika, atasema bibi wa zamani amenikataa. Angenipeleka kwa waganga, na jina lingekwenda kwa mdogo wangu, binti wa mama mdogo.

Basi nikaenda mjini kimya kimya. Nilipanda lori la mboga, nikakaa juu ya matenga ya kabichi mpaka Morogoro, nikapanga foleni hospitali ya misheni, kwa sista daktari wa kizungu.

Huyo sista alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye Kiswahili cha kanisani na macho yasiyokuwa na mchezo. Alinibonyeza kila kiungo, akanitoa damu, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili. Niliporudi akaniambia ugonjwa wangu si wa kurogwa wala wa baridi. Akasema mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa, na askari wangu mimi wameacha adui na kushambulia viungo vyangu wenyewe. Nikamwambia nimeelewa, ni kama mgambo waliolewa wakaanza kuwachapa wenye nyumba. Alicheka, mara ya kwanza na ya mwisho nilipomwona akicheka. Akasema ndiyo, na dawa atakayonipa itawanyang'anya hao mgambo fimbo. Lakini fimbo zikiondoka, hata mwizi wa kweli akija hakuna wa kumzuia vizuri. Kwa hiyo lazima niishi kwa akili.

Dawa yenyewe ilikuwa vidonge vidogo vya njano, jina lake refu, azathioprini, alivyoletewa kwa posta kutoka kwao. Na kabla hajanipa alinifundisha masharti kama mtoto wa komunyo ya kwanza anavyofundishwa katekisimu. Alikuwa anauliza, mimi najibu kwa sauti. Vidonge unakunywa lini? Baada ya kula, kila siku, saa ileile. Ukijisikia umepona? Siachi mpaka nimwulize. Jirani akiumwa viungo? Simpi hata kimoja, wala nusu. Ukipata homa, au koo likiuma, au ukiona madoa ya damu kwenye ngozi? Sisubiri kesho, nashuka mjini siku hiyohiyo. Damu? Naleta mkono kila mwezi ipimwe, hata kama najisikia mzima kama ng'ombe. Mtoto mwenye tetekuwanga? Namkimbia. Mimba? Kwanza tuzungumze. Mizizi na majani ya waganga? Sichanganyi. Nilipokosea neno alinirudisha mwanzo. Wagonjwa wengine kwenye benchi walikuwa wananisikiliza na kucheka, nami nikakasirika, nikayasema yote tena bila kukosea.

Na chanjo? aliniuliza mwisho. Nikajibu, sichanjwi kitu chochote kabla sijamwuliza.

Miezi mitatu baadaye nilifunga kifungo cha gauni la mwanangu. Kifungo kidogo cha mgongoni, chenyewe tu. Zaidi ya mwaka mtoto alikuwa akifungwa na bibi yake, mimi nikijifanya nina shughuli nyingine. Siku ile nilikifunga, nikakifungua, nikakifunga tena, mpaka mtoto akachoka kusimama na kuniuliza kama nimepagawa. Nililia kwa furaha. Tangu siku ile hakuna mtu ambaye angeweza kunishika mkono na kuniambia niache zile dawa, awe padri, awe mjomba, awe serikali.

Ndipo ikaja chanjo.

Katibu wa kijiji alituita ghalani, pale tulipokuwa tunahifadhi mbolea na magunia ya mahindi ya kijiji. Alikuwa kijana kiasi, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, mtu wa kujituma kweli, sina haja ya kumsingizia. Akasema baada ya wiki mbili bwana afya atakuja kuchanja ndui kijiji kizima, wakubwa kwa wadogo, na wilayani wanataka kuona kila jina limewekewa alama. Watu wakaanza kunong'ona. Mwanamke mmoja akasema kijiji cha bondeni watu wamevimba mikono. Mzee mmoja akasema yeye alichanjwa zamani na inatosha.

Mjomba wangu akasimama. Alipenda kusimama, na siku ile alitaka kumwonyesha yule katibu kwamba bado yupo. Akasema lukolo letu ndilo kubwa hapa, na lukolo letu halitamwaibisha mtu. Watu wetu wote watakuja siku hiyo, na kwa kuwa kwetu kila jambo lina mwanzo wake, Bibi atatangulia, nao watafuata nyuma yake mmoja mmoja kama kwenye mahindi mapya. Watu wakapiga makofi. Wote wakanigeukia. Mimi nikatabasamu kwa midomo tu.

Kesho yake nilikuwa juu ya matenga tena. Tulipita Mzumbe jua halijakolea, nikawa nayakariri yale masharti kwa sauti mpaka dereva akatoa kichwa dirishani kuuliza kama nahubiri.

Sista aliposikia neno ndui aliweka kalamu chini. Akanieleza kwamba ile chanjo si dawa kama dawa nyingine. Ndani yake mna mdudu hai, ndugu wa mbali wa ndui, mpole. Kwa mtu mzima wa afya, askari wa mwili humkamata palepale mkononi, panatoka kidonda, kinakauka, gamba linaanguka, kwisha. Kwangu mimi, mgambo wangu hawana fimbo. Mdudu yule angetoka mkononi akatembea mwili mzima. Nikamwuliza kama ningekufa. Akasema inawezekana kabisa, na kufa vibaya.

Nikamwuliza je, nikiacha vidonge wiki mbili? Akaniangalia kama mtoto aliyekosea katekisimu. Akasema dawa haitoki mwilini kama mgeni aliyeaga, na ugonjwa ungerudi na hasira. Halafu akaniambia mambo mawili ambayo sijayasahau. La kwanza, wengine wote wachanjwe, bila kubaki hata mmoja, kwa sababu watu wanaonizunguka wakiwa na kinga, ndui haitapata njia ya kunifikia. La pili, yeyote aliyechanjwa asinikaribie mpaka gamba lianguke na ngozi iwe nzima. Wiki tatu, pengine zaidi. Kile kidonda kikinigusa ni sawa na kuchanjwa.

"Hata mwanangu?" nilimwuliza.

"Hasa mwanao," alisema. "Ndiye utakayemshika bila kufikiri."

Akaniandikia barua, akapiga muhuri. Nikaipeleka kwa katibu mwenyewe, mkononi. Aliisoma mara mbili. Sikuwa nimemdharau, nilimweleza taratibu kama nilivyoelezwa. Akaniuliza huo ugonjwa ni ugonjwa gani, mbona jana ameniona na tenga la kabichi kichwani. Nikamwambia nabeba tenga kwa sababu ya hizo dawa. Akasema basi kama dawa zimenipa nguvu za kubeba tenga, zitanipa nguvu za kuchanjwa. Nikaona huyu ameamua kutoelewa.

Alikuwa na hofu, nayo niliiona. Aliniambia wazi kwamba mimi nikikataa ukoo mzima utakataa, na ukoo wangu ukikataa ni karibu nusu ya kijiji, na yeye ndiye atakayeitwa wilayani kujieleza. Akaifungia barua kwenye droo. Akasema hapa hakuna mtu wa peke yake, na nisipokuja kwa miguu yangu mgambo watanifuata. Nilitoka bila kuaga. Mlangoni nikamwambia droo ni yake lakini mwili ni wangu.

Jioni ile nikaenda kwa mjomba. Ilinibidi. Nilimwambia yote, mwaka wa maji ya moto, vidonge, sista, barua. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, fimbo katikati ya magoti. Kilichomuuma hakikuwa ugonjwa. Ilimuuma kwamba mama yangu, dada yake wa tumbo moja, alijua na yeye hakujua. Halafu akasema maneno ambayo niliyatarajia, na bado yalinichoma. Kwamba pengine jina limenilemea. Kwamba mdogo wangu yupo na mikono yake ni mizima. Kwamba angejua mapema angenipeleka kwa mtu wa upande wa juu anayejua mizizi ya kutibu viungo, na dawa zile za kizungu ningeziacha.

Nikamwambia mjomba, jina chukua ukitaka, vidonge siachi.

Akasema siyo rahisi hivyo. Kumvua mtu jina kunataka ukoo ukae, kunataka pombe na siku zake, na bwana afya anakuja kabla wiki mbili hazijaisha. Siku ile ikifika jina bado litakuwa langu, na hakuna mtu wetu atakayenyoosha mkono kabla yangu. Nikikataa, hawatasema Bibi ni mgonjwa, watasema jina limeikataa chanjo. Watarudi nyumbani na mikono yao na watoto wao. Alisema hayo bila ukali, kama mtu anayesoma barua ya msiba. Ndipo nikaelewa nilipokwama. Nikitoa mkono, nakufa mimi. Nikiuzuia, nawaacha watu wangu wote wazi kwa ndui, na siku ndui ikija itaanza na wao na kumalizia kwangu.

Siku ilifika. Bwana afya aliweka meza mbele ya ghala, kitambaa cheupe, jiko la mafuta la kuchemshia sindano zake ndogo zenye ncha mbili. Mgambo wawili walisimama pembeni na fimbo, mmoja wao mume wa binamu yangu, hakuthubutu kuniangalia. Watu wetu walikuwa wamejipanga tangu mapema, mstari mrefu mpaka kwenye matuta. Nilikuja na mama na mwanangu, wa miaka minne, gauni lake la kanisani. Nilimleta kwa sababu nyumba nzima iliamriwa ije. Nilikuwa nimepanga akachanjwe baadaye, taratibu, nikishamwandalia pa kukaa.

Katibu akaita jina langu. Nikaenda mpaka mezani. Sikukunja mkono wa blauzi. Nilinyoosha viganja vyote viwili juu ili waone viungo vilivyopinda, vile ambavyo mwaka mzima nilivificha chini ya kanga, nikasema kwa sauti ya shambani.

"Mimi ni mgonjwa. Nakunywa dawa inayopunguza askari wa mwili wangu. Chanjo hii ni nzuri kwenu, kwangu mimi ni kifo. Sijarogwa, na jina halijakataa kitu. Nyinyi chanjweni."

Bwana afya akaniuliza dawa gani. Nikamtajia lile jina refu, bila kukosea. Akaiweka sindano juu ya kitambaa, akamgeukia katibu na kusema huyu hamchanji. Katibu akasema nishikwe. Wale mgambo wakaangalia chini kama wanatafuta sindano iliyoanguka. Hakuna aliyenigusa.

Lakini nyuma yangu nikasikia kile nilichokuwa nakiogopa. Kanga zinakung'utwa. Shangazi mmoja akainua kikapu chake. Mama mwenye mapacha akawafunga mgongoni. Hawakuniamini. Waliwahi kusikia watu wengi wakitoa sababu ndefu. Kwao mkono wa mwenye jina haukunyooshwa, basi. Mstari ukaanza kukatika kutokea mwisho, na mjomba amesimama palepale na koti lake.

Nilikasirika. Nataka ieleweke kwamba sikuwa jasiri, nilikuwa na hasira. Hasira na katibu na droo yake, na mjomba na ahadi zake, na wale waliokuwa wanaondoka na watoto wao kwa ajili ya jina nililopewa bila kuulizwa. Nikamshika mwanangu, nikamweka mbele ya meza, nikamvua gauni begani.

"Mnataka mwenye jina aanze," nikasema. "Huyu ametoka tumboni mwangu, na jina litakwenda kwake. Ameanza."

Bwana afya alikuwa mwepesi. Tiki tiki tiki mkononi, mara kadhaa, imekwisha. Mtoto hakulia kwanza. Aliangalia mkono wake, akaangalia kile kitone cha damu, ndipo akafungua mdomo. Akageuka kwangu na mikono yote miwili juu.

Nikarudi nyuma.

Pale pale sista alipokuwa amenionya, ndipo nilipokuwa. Mwili wangu wote ulitaka kumnyakua. Alinifuata, analia mama, mama, nami nikarudi hatua nyingine, na nyingine, mpaka mgongo ukagonga ukuta wa ghala. Nikampigia kelele mdogo wangu amchukue, ambebe, amweke mbali nami. Akamchukua. Mtoto akanipigia mateke hewani, analia mpaka sauti inakatika, na mimi nimeibana mikono yangu kwapani ili isiende yenyewe.

Waliokuwa wanaondoka wakasimama. Kwetu mama hamwachi mtoto anayelia. Hata aliyegombana na dunia nzima hamwachi. Walikuwa hawakuniamini mimi, wala barua, wala lile jina refu la dawa, lakini mama aliyemkimbia mwanawe mbele ya macho ya watu, huyo waliona hachezi.

Mjomba akavua koti. Sikuwahi kumwona bila koti mbele za watu. Akamkabidhi mama yangu, akakunja mkono wa shati mpaka begani, mkono mwembamba, mweusi, wenye mishipa, akaunyoosha mezani. Nyuma yake akaja mama. Nyuma ya mama, shangazi akaweka kikapu chini. Walichanjwa mpaka jua likapinda, na hakuna aliyebaki.

Katibu alikuwa anaweka alama kwenye daftari lake. Alipofika kwangu akaandika amekataa. Nilikuwa nimesimama mbali, kama nilivyotakiwa, lakini nilimwona. Nikamwambia ndugu katibu, andika vizuri, na sababu uiandike. Hakuiandika. Daftari lile liliishi miaka mingi kuliko ofisi yake, na neno lile moja ndilo lililonifuata miaka yote.

Niliishi peke yangu. Mama alihamia na mtoto kwa mdogo wangu, ng'ambo ya kijito. Hakuna aliyenichemshia maji, nilijichemshia. Nilikunywa vidonge vyangu baada ya kula, saa ileile, hata siku ambazo ugali haukupita kooni. Kila asubuhi nilishuka mpaka kijitoni, wao wakaja upande wa pili, mdogo wangu akamwinua mtoto nione mkono wake umefungwa kitambaa. Siku za mwanzo alinipungia. Siku za mwisho aliangalia pembeni. Mjomba alipita njia ya chini kila baada ya siku mbili, akasimama mbali na kupaza sauti, hujambo Bibi. Hakusema tena habari ya kuhamisha jina. Mizizi aliitaja mara moja, nikamwambia hapana, akacheka.

Gamba la mtoto lilianguka la mwisho, wiki ya nne. Mdogo wangu alilichoma na kitambaa chake kama tulivyoelezwa, akasubiri siku tatu zaidi ili asinihatarishe, akamleta. Mimi nilikuwa nimefagia, nimepika ndizi anazozipenda, nimekaa kwenye kigoda mlangoni ili nisiwe mrefu. Nikafungua mikono.

Mwanangu akasimama kwenye uwanja, ameshika kanga ya mdogo wangu. Akaniangalia. Halafu akarudi nyuma. Hatua moja, ya pili, ya tatu, kama alivyoona inafanywa.

Hakulala kwangu siku ile, wala mwezi ule. Alikuja mahindi mapya yalipoiva, nilipoonja la kwanza kama kawaida na ukoo mzima umekaa. Alipita katikati ya watu, akaja kukaa magotini kwangu, akanipokonya gunzi mkononi. Nilikula mahindi yale nikilia, na hakuna aliyenitania.

Leo ni mtu mzima ana wanawe. Jina atalipokea nikifa, ndivyo ilivyo. Ndui imekwisha duniani, wajukuu hawaijui, wanashangaa alama ya mama yao ni ya nini. Mimi viungo vyangu vimepinda lakini vinashika, nimemeza dawa za rangi mbalimbali, nimetolewa damu mpaka wa maabara wananiita mama mwenye nyumba. Yule sista alizikwa kwao. Masharti yake bado nayasema asubuhi, kwa sauti.

Mwaka juzi, tukiwa tunamenya njegere, mwanangu aliniuliza jambo ambalo nadhani alilibeba tangu siku ile. Aliniuliza kama nilikuwa namwogopa.

Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia ndiyo, nilikuogopa, wewe na kidonda chako, kwa sababu nilitaka kuishi nikulee. Nikamwambia kwamba ingekuja siku ile tena ningerudi nyuma tena, mpaka ukutani.

Aliendelea kumenya. Halafu akasogeza kigoda chake karibu na changu, mkono wake wenye alama ukagusa wangu usio nayo, tukamaliza zile njegere.